Simbi ya Kenda

Juzi nilipita kando ya kitalu kimoja cha miche hapa Butembo, mvua ikiwa imetoka kukatika, na harufu ikanisimamisha: udongo mweusi uliochanganywa na samadi, maji, na ile plastiki nyembamba ya sashe, vile vifuko vya kupandia miche, inapoanza kupigwa na jua. Kijana wa pikipiki nyuma yangu akapiga honi, akanitukana kidogo, nikamwacha atukane. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye miteremko hii mnaijua harufu hiyo. Wengi wenu inawakumbusha kazi na mgongo kuuma. Mimi inanikumbusha ushindi, na nitausimulia bila unyenyekevu wowote, kwa sababu nimekuwa mnyenyekevu miaka mingi na sijaona faida yake.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Baba yangu alikuwa na kitalu cha kahawa kando ya kijito chini ya nyumba yetu, na upande wa juu wa nyumba, katika chumba chenye dirisha moja, alikaa Kaka. Kwetu Kaka ni bibi. Anayefikiri nazungumzia ndugu wa kiume arudi kusoma tena. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, asiyeamini daktari wala redio. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, juu ya vitenge alivyokuwa akiviweka kwa mazishi yake mwenyewe, kulikuwa na mkanda wa ngozi wenye simbi kenda, yaani tisa.

Simbi mnazijua, hata kama hamjawahi kushika moja. Ni ganda dogo jeupe, laini kama jino, lenye tumbo bapa na mfereji wenye meno madogo katikati. Za Kaka zilikuwa zimezeeka hadi zikawa na rangi ya maziwa yaliyochemka. Mgongo wa kila moja ulikuwa umetobolewa ili uzi upite na kuishona kwenye ngozi. Nani aliyezileta milimani kwetu, hakuna aliyejua. Kaka alisema tu zilikuja kabla ya wazungu, zikipita mkono kwa mkono, na sasa hazipatikani tena.

Kila simbi ilikuwa mama mmoja. Sijui kama hiyo ilikuwa desturi ya Wanande wote. Ilikuwa desturi ya nyumba yetu, nasi tuliishika. Binti akiolewa, baada ya misa, wanawake wa pande mbili wanaketi uani. Mkanda unatandikwa juu ya mkeka, na mama wa bwana harusi anagusa simbi moja baada ya nyingine kwa kidole. Kila anapogusa, upande wetu unataja jina. Jina likikosekana, au simbi ikikosekana, binti anaondoka nyumbani akiwa amepungukiwa na mama mmoja nyuma yake. Na kwa kuwa kwetu majina hufuata zamu ya kuzaliwa, akina mama hao walikuwa wakirudiarudia: Masika watatu, Kahindo wawili, Katungu wawili, Kanyere mmoja. Ilibidi kuwatofautisha. Kulikuwa na Masika wa mlimani, Masika wa mguu mbovu, Masika aliyekataa. Alikataa nini? Hata Kaka hakujua, lakini alimtaja kwa heshima kubwa kuliko wote.

Wa kenda, wa mwisho, alikuwa Kavira, mama mzazi wa Kaka. Mimi pia ni Kavira, kwa hiyo niliihesabu simbi hiyo kuwa yangu nusu. Kaka aliniambia kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda kahawa kwenye mteremko wetu, wakati wanawake wengine walikuwa wanaicheka kwa sababu haiingii chunguni.

Familia moja kutoka Kayna ilipokuja kumposa shangazi yangu Kahindo, binti wa mwisho wa Kaka, mkanda ulitolewa sandukuni ukaguliwe. Uzi wa simbi ya kenda ulikuwa umeoza. Simbi ikadondoka kwenye mkono wa Kaka.

"Nitaishona tena mbele ya harusi," akasema, akaitia kwenye kopo dogo la dawa ya kikohozi. Kisha akanitazama. "Siku nitakufa, ya kwangu itatoka wapi? Hakuna tena. Mukanda utaishia kwa mama yangu."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Lakini mimi sikulala vizuri. Wazo la Kaka kufa bila simbi, mkanda ukimruka kana kwamba hakuwahi kupiga kelele duniani, lilinichoma.

Sasa naomba mnisikilize na msinicheke mapema. Mimi nilikuwa mtoto wa kitalu. Tangu nijue kutembea nilijua kitu kimoja cheupe, kidogo, chenye mgongo wa mviringo, tumbo bapa, na mfereji katikati ya tumbo: punje ya kahawa iliyomenywa. Nilikuwa nimeshika maelfu. Niligeuza simbi kwenye kiganja changu, nikaona mgongo, nikaona tumbo, nikaona mfereji, na jambo likawa wazi kabisa. Wakubwa walikuwa wanalia kwamba simbi hazipatikani, na wamezikalia mbegu miaka mia bila mmoja wao kufikiri kuzipanda! Na mama yule mwenyewe alikuwa mpandaji. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Nilisubiri Kaka aende misa ya asubuhi. Kitaluni, miche ilikuwa imeshachomoza, ikisimama na vile vichwa vyake vya kijani kwenye sashe zake zilizopangwa mistari. Katika mstari wa tatu niliona sashe moja iliyobaki tupu. Nilichoma udongo kwa kidole, nikalaza simbi kama baba alivyonifundisha kulaza kahawa, tumbo chini, mgongo juu, nikafunika, nikamwagilia. Kisha nikafunga kopo la dawa vizuri na kulirudisha sandukuni.

Kila siku kabla ya shule nilikwenda kuangalia. Siku kumi, hakuna kitu. Siku ya kumi na moja, au ya kumi na mbili, nikirudi shuleni, nilikuta mche.

Nilikaa chini kwenye matope na sare yangu. Ulikuwa mdogo, majani mawili tu, umeinama kidogo, lakini ulikuwa umesimama katika sashe yangu. Mama alinichapa jioni kwa sababu ya sare na sikusikia maumivu. Miezi minne nilibeba siri hiyo kifuani. Shuleni mwalimu alikuwa akinifokea kwa kutabasamu peke yangu. Mche wangu ulikuwa mfupi kuliko wenzake, nami nilielewa: wao ni kahawa tu, huu una kazi nzito zaidi. Niliuimbia. Niliupa maji ya ziada hadi baba akashangaa kwa nini mstari wa tatu unateleza.

Siku moja nilirudi shuleni nikakuta kitalu kitupu. Ardhi ilikuwa na alama za mviringo tu, mistari mirefu ya alama. Lori lilikuwa limeondoka saa nne.

"Zote zimeenda Beni," baba akasema, akinawa mikono, amefurahi. "Papa mumoja wa Mbau amezichukua. Mia ine, bila kuchagua."

Ningesema wakati huo. Nilifungua mdomo hata. Lakini nilihesabu: simbi zitazaa baada ya miaka mitatu, Beni si mbali, nitakwenda kuzichuma. Mtoto akiamua kujidanganya hakosi hesabu.

Kisha ikafika Jumapili ya wiki ya harusi, na Kaka akaketi mlangoni na sindano na uzi mpya wa kushonea viatu, akafungua kopo la dawa. Akaligeuza. Akalipiga kwenye goti. Akatazama ndani kwa jicho moja.

Mimi nilikuwa nachambua maharage hatua tatu kutoka kwake. Mwanamke huyu aliyekuwa anapigia mbuzi kelele hadi ng'ambo ya bonde aliniita kwa sauti ndogo.

"Kavira. Mama yangu iko wapi?"

Hakusema simbi. Alisema mama yangu. Na nikaona midomo yake inatetemeka, midomo ya mtu mzima, nikaogopa kuliko fimbo yoyote.

"Niliipanda, Kaka."

"Ulifanya nini?"

"Niliipanda mu sashe, kwa baba. Ili upate ya kwako siku utakufa. Na iliota, Kaka! Mi mwenyewe nilionaka, majani mbili!"

Shangazi Kahindo, aliyekuwa anasukwa nywele, aliinuka na kichwa nusu kimesukwa nusu hapana. Baba aliitwa. Nilipoeleza mstari wa tatu na sashe tupu, alijishika kiuno na kunitazama kwa huruma iliyoniumiza.

"Mutoto wangu, ile haikuotaka. Kulikuwa sashe saba zenye mbegu zilikufa. Mimi njo nilizijaza. Nilitoa miche midogo kwa ile tuta ya akiba, nikaiweka mu ile mapengo. Weye ulikuwa masomo."

Basi mche wangu ulikuwa wa baba. Miezi minne niliimbia kahawa ya kawaida. Nililia kwa aibu, kwa kelele, kamasi zikichanganyika na maharage. Nilisikia shangazi akisema kwamba mama mkwe wake atagusa simbi nane na kusimama, na wote tulimjua mama huyo. Tulimwita Mama wa Kayna. Siku ya posa alikuwa amehesabu matundu ya bati letu kwa sauti. Angeitangaza simbi hiyo toka Butembo hadi Kayna na kurudi.

"Hapana kulia," Kaka akasema mwishowe. Alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani. "Kesho tunaenda Beni, mimi na weye. Mwenye kupanda njo anajuaka kwenye alipanda."

Tulikwenda kwenye gari lililobeba viazi, Kaka mbele na dereva, mimi juu ya magunia na kiroba cha mihogo ya kuchemsha. Nimepita njia ile mara nyingi tangu wakati huo, nikiwa na sababu nyingi za kuogopa, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Barabara inashuka, hewa inapata joto, migomba inakuwa minene, na mimi nilikuwa nahesabu: mia nne. Mia nne, na sijui mstari tena.

Yule papa wa Mbau, yaani yule mzee aliyenunua miche, alikuwa mwanaume mrefu aliyekonda, mwenye shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo. Shamba lake lilikuwa nje ya Beni, ukiupa mji mgongo na kutazama milima. Alitupokea vizuri, akatupa viti na ndizi. Kaka alipomweleza, hakucheka. Alitupeleka nyuma ya nyumba, na nikaona kazi yake: miche yote mia nne ilikuwa imeshapandwa, sashe zimetolewa, kila mmoja na kijumba chake cha makuti dhidi ya jua.

"Mama," akamwambia Kaka, "mi nakuheshimu. Lakini siwezi kukuacha uchimbe shamba yote. Kule Mbau niliacha hekta mbili zenye kuzaa, tulikimbia vita na nguo ya mwili tu. Hii njo nimeanza nayo tena. Mizizi ikiguswaguswa, inakufa."

Kaka aliketi kwenye jiwe. Nilimwona akitazama ile miche, mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alionekana mzee. Alisema tu, "Unasema kweli, papa," akaanza kufungua na kufunga ncha ya kitenge chake.

Hapo ndipo kitu kilinijia. Sijui kama ni akili au ni hasira ya kuaibishwa. Mche wangu ulikuwa mfupi. Miezi minne nilikuwa nimeusifu kwa ufupi wake! Na sasa nilijua kwa nini ulikuwa mfupi: baba aliuchelewesha, aliuweka kwenye pengo wiki nyingi nyuma ya wenzake. Mapengo yalikuwa saba. Sikuhitaji kutafuta kwenye mia nne.

"Papa," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kama ya Kaka, "tafuta tu zile fupi! Baba alijaza saba. Zile saba hazitakuwa na majani sawa na zingine!"

Papa aliitazama mistari yake. Kisha akavua viatu, mtu mzima yule, akaingia shambani pamoja nami. Tulikwenda tukiinama chini ya makuti, tukihesabu jozi za majani. Mingi ilikuwa na jozi sita. Tulipoona wenye nne, tulichomeka kijiti. Tulipata kumi na mmoja, kwa sababu mingine ilikuwa imedumaa tu kwa kuhamishwa. Kumi na moja si mia nne. Papa akaniruhusu kwa sharti: hakuna jembe, ni vidole vyangu tu, kutokea pembeni, polepole, na kila shimo nilifunike kabla ya kwenda kwa lingine.

La kwanza, udongo. La pili, udongo na mnyoo. La tatu, jiwe jeupe lililonifanya nipige kelele bure. La nne na la tano, hakuna. Kucha zangu zilikuwa zinauma. Kaka alikuwa nyuma yangu anataja majina kwa sauti ya chini, kuanzia Masika wa mlimani, na kila alipofika wa nane alinyamaza, akaanza tena.

Kwenye la sita, kidole changu kiligusa kitu laini.

Nilisafisha udongo kwa kupuliza. Ilikuwa pale, mgongo juu, jinsi nilivyoilaza. Na ndani ya tundu la mgongo wake, lile tundu la uzi, mzizi wa katikati wa mche ulikuwa umeingia, ukapita tumboni, ukatokea kwenye mfereji kati ya meno yake, ukaendelea kushuka ardhini, mwembamba kama kijiti cha kiberiti na mzima kabisa. Baba alipochomeka mche wake kwenye sashe ile, mzizi ulikuwa umekuta mlango wazi.

"Imeota," nikasema. Kisha nikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka. "Kaka, imeota! Imeota kweli!"

Kaka alipiga magoti kwenye matope na kitenge chake kizuri. Aligusa. Alilia bila kujificha, akicheka humo humo, akilaumu goti lake, akiniita majina ya mbuzi wake wote. Papa wa Mbau alisimama akijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Tukate muzizi," akasema taratibu, "simbi itoke."

"Hapana kukata!" Kaka akasema.

"Basi tuvunje simbi?"

"Hapana kuvunja mama yangu!"

Tukatazamana watatu. Ndipo papa akaenda nyumbani, akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga, akatoboa matundu chini kwa msumari. Akachimba mwenyewe, mbali na mzizi, akanyanyua mche na bonge lake la udongo, akauweka ndani ya kopo. Kaka akasema baba atamletea mwingine. Papa akakataa.

"Kule Mbau niliacha mingi bila kupenda," akasema. "Hii moya naitoa mwenyewe, na roho yangu inapenda. Munifanyie ile furaha."

Hadi leo, ninapofikiria ukarimu, namwona yeye peku, miguu imejaa udongo, akinikabidhi kopo kwa mikono miwili.

Tulirudi kesho yake kwenye gari la ndizi, na katikati ya njia kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Askari mmoja kijana, aliyetoka upande mwingine kabisa wa nchi, alitutazama, mimi na kopo langu mapajani.

"Mama, munabeba nini?"

"Kahawa," Kaka akamwambia.

"Kahawa moya? Kutoka Beni kufika Butembo, muti moya?"

Nilishindwa kujizuia, nikasogeza udongo nimwonyeshe simbi. Alikunja uso, kisha uso wote ukafunguka.

"Tala, angalia! Hii ni nyama ya mai, ya ndani ya maji! Kwetu Muanda, kwa bahari, biko bya mutindo hii. Ni konokono. Iko natembea mu muchanga na nyumba yake kwa mugongo. Ikikufa, nyumba njo inabakia." Aliigusa kwa ncha ya kidole, akasahau kutuuliza karatasi. Alisema hajaona bahari tangu avae sare.

Gari likaondoka, na mimi nikanyong'onyea. Konokono! Miezi minne ya nyimbo, na si mbegu hata kidogo, ni nyumba ya mdudu wa maji niliyokuwa nimeizika tumbo chini. Nilimwambia Kaka kwamba askari anasema uongo. Kaka alifikiri hadi tukamaliza mlima mzima.

"Hasemi uongo," akasema. "Mwenyewe alikufa, nyumba ikabaki bure. Mama yangu alikuja akashonewa ndani. Sasa kahawa yake imeingia pia. Nyumba ni ya kuingia, Kavira. Weye ulifungua tu mulango."

Jumamosi ikafika. Baada ya misa uani palijaa vitenge. Nilivaa gauni jeupe lililonibana kwapani, nikakaa nyuma ya Kaka na kopo langu limefunikwa kwa kitambaa cha meza. Shangazi Kahindo, mzuri kupita kiasi, alikuwa ameshika leso na kuipasua polepole bila kujua. Mama wa Kayna aliketi mbele ya mkanda, mwanamke mkubwa mwenye mikono ya jembe na macho yasiyopitwa na kitu. Akaanza.

Kidole kiligusa, Kaka akataja. Masika wa mlimani. Kahindo wa kwanza. Katungu. Kidole hakikuwa na haraka. Masika aliyekataa, na wanawake wetu wakaguna kwa heshima kama kawaida. Kilipogusa ya nane, kikasogea mbele na kukuta ngozi tupu yenye matundu mawili ya uzi.

"Ya kenda iko wapi?" Mama wa Kayna akauliza. Hakupandisha sauti. Wanawake wa upande wake waliegemea mbele.

Kaka alinigeukia. Alikuwa ameniambia asubuhi: mwenye kosa ndiye atakayetaja jina. Nikasimama, nikaondoa kitambaa, nikaweka kopo juu ya mkeka, mwisho wa mkanda, na majani yake manane yakatikisika. Mtu alicheka. Nikasogeza udongo kwa kidole hadi weupe ukaonekana, na mzizi ukiingia mgongoni.

"Huyu ni Kavira," nikasema, na sauti ilikuwa yangu. "Mama ya Kaka. Mwenye kupandaka. Hayuko mu mukanda sababu ameota."

Mama wa Kayna akainama. Akajivuta karibu. Akaingiza kidole ndani ya udongo, akagusa simbi juu, akafuata mzizi chini yake, pale unapotokea, kwa uangalifu wa mtu aliyepanda maisha yake yote. Akakaa hivyo.

"Nimegusa simbi mu harusi mingi," akasema. "Kila mara ni wafu nilikuwa nahesabu. Leo njo mara ya kwanza nashika mwenye kuishi."

Akanyanyua uso, na ule uso mkali ulikuwa umelowa.

"Bakwe yetu hawa," akawaambia wanawake wake, akituonyesha sisi, "banatupatia binti na mama muzima. Sisi tulileta nini?"

Sijasikia vigelegele kama vile tena. Kaka aliinuka akacheza, goti likasahauliwa, shangazi akalia wanja wote ukashuka, na mimi nikasukumwa na kukumbatiwa na matiti ya ukoo mzima. Mama wa Kayna alitaka kuchukua kopo. Nilikataa kuliachia. Tulivutana mbele ya watu wote, mimi na mwanamke yule wa kuogopwa, hadi akaliachia yeye kwanza.

"Basi na weye unakuja nayo," akasema. "Utaipanda kwa mukono yako."

Ndiyo sababu, Kaka akiwa amekubali mama yake aende na binti yake, nilisafiri hadi Kayna kwenye kiti cha mbele, kati ya dereva na bibi harusi, nikiwa na kopo mapajani, na kila kizuizi tulipita kama wakubwa wa serikali. Kesho yake shimo lilikuwa tayari, mbele ya mlango wa jikoni, na wanawake wa Kayna walikuwa wamepanga mstari kila mmoja aguse kabla ya udongo kufunika. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa, gauni limechanika kwapani. Nikasimama juu ya rundo la udongo ili nionekane.

"Moja moja," nikawaamuru. "Na hapana kugusa na nguvu."

Nao wakatii, mmoja baada ya mwingine, Mama wa Kayna akiwa wa kwanza.